Kaa anakula matumbawe ya mteja? Usimuue kabla hujamjua

Hii ni kwa wenzangu tunaouza samaki wa mapambo na kuhudumia matangi ya maji chumvi majumbani. Kama unauza samaki wa maji matamu tu soma pia, maana mteja wa leo wa maji matamu kesho anataka matumbawe.

Simu huwa inakuja hivi: "Kijana, kuna kaa kwenye tangi langu, anakula matumbawe, na wewe ndo uliniuzia." Hapo ujue umeshikwa pabaya. Tumbawe moja linaweza kuwa na bei kuliko samaki wote waliomo. Ukijibu vibaya unarudisha hela, na mteja unampoteza.

Mimi nina kanuni moja: kwanza mjue kaa, halafu ndo uamue. Sababu ni kwamba si kila kaa anayekaa kwenye tumbawe anakula tumbawe. Wengine wanalilinda.

WAGENI WANATOKA WAPI

Mara nyingi kaa hanunuliwi. Anakuja amejificha kwenye tundu la jiwe la baharini, au katikati ya matawi ya tumbawe. Akifika ni mdogo kama punje ya mahindi, humuoni. Anakula, anajivua gamba, anakua. Mteja anakuja kumuona baada ya miezi, tena usiku.

AINA TATU ZA KUJUA

1. Walinzi. Hawa ni Trapezia na ndugu zao Tetralia. Ni wadogo, mgongo laini unaong'aa, hawana manyoya mwilini. Trapezia utamkuta kwenye matawi ya Pocillopora, Tetralia kwenye Acropora. Wanakula ute wa tumbawe na kulisafisha mchanga. Baharini, akija kiti cha pweza mwenye miiba anayekula matumbawe, hawa wanambana miguu mpaka anaondoka. Ukimtoa huyu umemfukuza askari wa mteja. Muache.

2. Wafagiaji. Kaa wa kijani, Mithraculus sculptus, na wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Wengi wao tunawauza wenyewe ili wale mwani. Angalia ncha za magando ya huyu wa kijani, zimechongoka kama kijiko, ni za kukwangua. Shida inakuja mwani ukiisha. Akiwa na njaa anaanza kudokoa polipu na hata samaki aliyelala. Mlishe kidogo kwanza. Akiendelea, mtoe.

3. Wahalifu. Wengi wana manyoya mwilini na miguuni, magando mazito, mara nyingi ncha nyeusi. Wanatoka usiku na kuchana nyama ya tumbawe. Ncha nyeusi peke yake siyo ushahidi, ila ukiona manyoya, magando mazito na tumbawe lililochanika pembeni yake, mtoe.

KABLA HUJAMLAUMU KAA

Tumbawe likifa kwa sababu nyingine, kaa anakuja kula mabaki. Mteja anamkuta pale anasema ndiye muuaji. Kwa hiyo pima maji kwanza. Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa kilo ya maji (1.026 kwenye kipimo), joto nyuzi 24 mpaka 27, alkalini kati ya 7 na 11 dKH na isiyumbe. Kama nyama inabanduka kuanzia chini bila alama za kuchanwa, angalia maji. Kagua pia konokono wa Drupella, nao wanakula matumbawe usiku na kujificha mchana.

JINSI YA KUMTOA

Subiri taa zizimwe saa moja au mbili. Funika tochi kwa nailoni nyekundu, maana kaa haoni vizuri mwanga mwekundu. Mulika, piga picha, weka alama tundu lake.

Njia ya glasi: chukua glasi ya kunywea iliyo laini, weka kipande cha kamba ndani, iegemeze kwenye jiwe karibu na tundu. Kaa anapanda jiwe, anadondokea ndani, hawezi kupanda ukuta laini. Asubuhi unamchukua.

Njia ya jiwe: kama jiwe linatoka, litoe uliweke juu ya ndoo. Kwa bomba la sindano, sukuma maji yenye chumvi kali ndani ya tundu. Atatoka mwenyewe. Suuza jiwe kwa maji ya tangi kabla ya kulirudisha. Usifanye hivi ndani ya tangi.

Mambo ya kukataa hata mteja akikulazimisha:

- Dawa ya wadudu au dawa yenye shaba. Inaua kamba, konokono na matumbawe yenyewe.
- Kuchemsha jiwe ili kaa afe. Baadhi ya viumbe wanaoota juu ya mawe wana sumu inaitwa palitoksini, na mvuke wake umewahi kulaza watu hospitali. Vaa glavu na miwani kila unapokata au kusugua.
- Kumla huyo kaa. Baadhi ya kaa wa miambani wana sumu isiyoisha kwa kupikwa.
- Kumwachia baharini. Hujui ametoka bahari gani wala ana ugonjwa gani. Muweke kwenye tangi lake dogo.

UPANDE WA BIASHARA

Kila jiwe na tumbawe jipya likae karantini wiki nne kwenye tangi dogo lisilo na kitu, ulikague usiku kwa tochi. Gharama hiyo iweke kwenye bei, na mteja mwambie kwa nini bei yako iko juu. Wengi wanaelewa.

Siku ya kukabidhi piga picha ya tumbawe mbele yake, na kwenye risiti andika siku ulizoahidi kulifuatilia. Likitokea tatizo mnaongea kwa ushahidi, siyo kwa hasira.

Na mzigo wako uwe na karatasi. Matumbawe magumu yote yako Kiambatisho cha II cha CITES, kuyavusha mpaka ni kwa kibali. Usinunue ya mtu aliyevunja mwambani.

Nyama ikiwa imebaki hai, tumbawe linaweza kujifunika tena taratibu. Mwambie mteja ukweli huo, usimuahidi wiki mbili.

Ukimpata kaa usiyemjua, weka picha ya magando yake hapo chini tumtambue pamoja.