Wakicheka Pasipochekesha: Filamu Yenu Inafundisha Nini?

Kama uko kwenye klabu ya afya shuleni kwenu, au kikundi cha sanaa mtaani, na mnafikiria kutengeneza filamu yenu, kaa hapa kwanza nikupe stori. Ni ya kweli, na nusura initoe machozi.

Klabu moja ninayoilea, katika shule ya sekondari nje kidogo ya mji wa Morogoro, iliamua kutengeneza filamu fupi ya dakika kumi na mbili. Mada waliichagua wenyewe. Msichana anabakwa na mtu anayezoeleka pale nyumbani kwao, anakaa kimya, mwishowe anakwenda hospitali na kupata msaada. Mada nzito, lakini vijana walikuwa makini kuliko nilivyotegemea. Tendo lenyewe hatukulionyesha. Mlango unafungwa, kamera inabaki barazani ikitazama ndala mbili, basi.

Katikati ya filamu yalitokea maandishi meupe kwenye giza: WIKI MOJA BAADAYE. Mhariri wetu, kijana wa kidato cha tatu, aliyaweka kwa sababu filamu nyingi za Kibongo anazozipenda zina maandishi ya namna hiyo. Mimi mwenyewe niliyaona labda mara kumi na sikushtuka. Baada ya hapo msichana anaingia kwa nesi, anapewa dawa, anatabasamu, muziki unapanda. Bomba kabisa!

Kabla ya kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha pili, tuliwagawia karatasi yenye swali hili: "Mtu akibakwa, ana muda gani wa kuwahi kituo cha afya ili apate dawa za kuzuia VVU?" Filamu ilipokwisha tukawapa karatasi nyingine, swali lile lile. Usiku nikakaa kuzisoma. Wiki moja. Wiki moja. Siku saba. Wiki moja. Kulikuwa na msichana mmoja ambaye kabla ya filamu aliandika "siku tatu". Baada ya filamu akaandika "wiki moja".

Jibu lake la kwanza ndilo lilikuwa sahihi! Dawa hizo, ambazo wengi mnazijua kwa jina la PEP, lazima zianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kuzuia maambukizi. Zikishaanza humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vina kikomo, saa 120, na kuwahi ni bora zaidi. Kwa hiyo filamu yetu, kwa picha safi na muziki mtamu, ilikuwa inawafundisha watu wachelewe. Yule binti alikuja akijua, akaondoka hajui. Sisi ndio tuliomfanyia hivyo.

Sasa tuzungumze. Hii kasheshe ingeepukwaje?

VIFAA MNAVYO TAYARI

Zamani ukitaka kupiga filamu ulihitaji kamera ya gharama na mtu wa kukuhaririia. Siku hizi simu moja ya kawaida inatosha. Najua, wanafunzi wa sekondari hamruhusiwi simu shuleni. Sisi tulitumia simu ya ofisini kwetu na ya matroni, chini ya mwalimu mlezi, na zilirudi kabatini kila jioni. Kuna njia, ukiomba vizuri.

Mambo machache ambayo tulijifunza kwa taabu. Ilaze simu, usiisimamishe, kama filamu itaonyeshwa ukutani kwa projekta. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, maana kidole chenye mafuta ya mandazi hufanya dunia nzima iwe na ukungu. Weka simu kwenye hali ya ndege, la sivyo shangazi atapiga katikati ya kilio. Angalia nafasi pia, kwani dakika moja ya picha ya 1080p inaweza kula megabaiti 100 na zaidi. Na ukipigia darasani chini ya taa za mirija ukaona picha inapepesa, usidhani simu imekufa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na simu nyingi hupiga picha 30 kwa sekunde. Ukiweza badilisha iwe 25. Ikishindikana, zima taa na msogeze mwigizaji dirishani. Mwanga wa dirisha ni mzuri kuliko taa nyingi, tena ni wa bure.

Sauti ndiyo inayoangusha filamu za wanafunzi, si picha. Mtu atavumilia picha yenye giza kidogo, lakini asiposikia maneno anaanza kuzungumza na jirani yake. Chukua simu ya pili, ifunge kwenye kanga, iweke karibu na mdomo wa mwigizaji mahali isipoonekana, irekodi sauti peke yake. Kabla ya kuanza, mtu mmoja apige kofi mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri utaliona lile kofi kwenye picha na utalisikia kwenye sauti, unavilinganisha, kazi imekwisha. Na chini ya bati mvua ikianza, pumzikeni mle mahindi.

Kwa kuhariri kuna programu za simu kama CapCut na KineMaster, na ya kompyuta kama DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure lakini inadai kompyuta yenye nguvu. Yetu iliganda mara tatu tukarudi kwenye simu. Sitakaa sana hapa. Kijana wa miaka kumi na sita atakizoea chombo hiki ndani ya wiki, na atakupita wewe na mimi.

USIULIZE "MMEIPENDA?"

Hapa ndipo vikundi vingi vinapojidanganya. Mnaonyesha filamu, taa zinawashwa, mnauliza, "Mmeipenda?" Ukumbi mzima, "Ndiyoooo!" Mnapigiwa makofi mnakwenda kulala. Mmejua nini? Hakuna. Sisi Waswahili ni watu wa adabu, hatumwambii mgeni kwamba chakula chake kina chumvi nyingi.

Maswali yaliyotusaidia yalikuwa haya. La kwanza ni lile la kuuliza kabla na baada, swali moja la ukweli ambalo filamu imekusudia kulijibu. La pili: "Msimulie rafiki yako filamu hii kwa sentensi tatu." Utashangaa! Wavulana kadhaa walisimulia kwamba ni filamu kuhusu msichana aliyekwenda kwa mtu asiyestahili kwenda kwake. Yaani kosa wakamtupia yeye. Tulirudi tukaangalia na kweli, kuna mahali mama yake anasema, "Nilikukataza kwenda kule," na hakuna mtu anayemjibu. Tukampa nesi sentensi moja tu: "Mama, aliyekosa ni yule aliyembaka." La tatu: "Ungekuwa ni wewe, ungefanya nini, na ungeanza kwenda kwa nani?" Hapo unaona kama mtu amepata njia au amepata huruma tu.

Karatasi msiandike majina. Wasichana na wavulana wakae pande mbili, au siku mbili tofauti kama mada ni ya aibu. Na msiwape marafiki zenu wa klabu, hao wanaijua hadithi tayari na wanawapenda. Kama watazamaji wenu wana simu, fomu ya Google inatosha. Sisi tulitumia karatasi, kisha wanaklabu wawili wakaingiza majibu kwenye KoboToolbox, ambayo inakusanya hata pasipo mtandao. Tulipoyaweka kwenye jedwali, safu ya kabla na safu ya baada, hakukuwa na ubishi tena. Hata mwalimu mlezi, aliyeipenda sana ile "wiki moja baadaye", alinyamaza.

Kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi. Wakati filamu inaonyeshwa, usiitazame filamu. Watazame watu. Kaa pembeni na saa, andika dakika waliyokohoa, waliyogeuka, waliyocheka. Mhariri wetu akaongeza ujanja wake: aliomba ruhusa ukumbini, akaacha simu moja ikirekodi sauti ya watazamaji tangu mwanzo hadi mwisho, halafu kwenye kuhariri akailaza ile sauti chini ya filamu. Kila kicheko kilionekana kama kilima. Kilima kikubwa kuliko vyote kilikuwa pale msichana anapolia chooni! Kwa nini? Kwa sababu nyuma yake, ukutani, kulikuwa na maandishi ya wanafunzi ambayo siwezi kuyaandika kwenye gazeti hili. Sisi tulikuwa tunatazama machozi, wao walikuwa wanasoma ukuta.

Usione haya, wakubwa pia yamewapata. Mwaka 1950 ilitoka filamu maarufu ya Marekani, Sunset Boulevard, ya mwongozaji Billy Wilder. Mwanzoni ilifunguka chumba cha maiti, na maiti zikawa zinazungumza. Kwenye onyesho la majaribio watu wakaangua kicheko pale walipotakiwa kuogopa. Wilder akaukata mwanzo ule, akapiga mwingine wenye maiti inayoelea kwenye bwawa la kuogelea, na huo ndio unaokumbukwa mpaka leo.

LAKINI MTAZAMAJI SI BOSI

Angalia hapa. Karatasi nyingi zilidai mbakaji apigwe na wananchi na kuchomwa moto. Mmoja alichora hadi tairi. Tungewasikiliza, filamu ingepigiwa makofi mara mbili. Tulikataa. Mwaka 1987 filamu ya Fatal Attraction ilibadilishwa mwisho wake baada ya watazamaji wa majaribio kutoridhika, na mwanamke mkorofi wa hadithi akauawa ili roho zao zitulie. Ilijaza majumba ya sinema. Kwa biashara, sawa. Lakini sisi tulitaka msichana aliyekaa nyuma kabisa ajue mahali pa kwenda, na mwisho wa kuchoma mtu ungemfunza nini? Kwamba akisema, baba yake atafungwa kwa kuua? Angenyamaza zaidi.

Kwa hiyo pokea yote, ila tenganisha. Mtazamaji akisema hakuelewa, ana haki asilimia mia, rekebisha. Akisema anataka iwe vingine, mshukuru, kisha kaeni mjadili.

KIPANDE KILICHOVUJA

Hili naliandika kwa shingo upande. Wiki ya pili ya kazi, kipande cha sekunde ishirini ambacho hakijahaririwa kilitoka kwenye moja ya simu kikaingia WhatsApp. Kilimwonyesha mwigizaji wetu mkuu akilia na kusema, "Nimeathirika." Bila mwanzo, bila mwisho. Kesho yake kule mtaani kwao watu wakamwita pembeni mama yake kumpa pole! Binti mwenyewe akawa anaitwa majina bwenini. Alitaka kuacha, na sikumlaumu.

Tulikwenda nyumbani na mwalimu, tukamwonyesha mama hadithi nzima, tukamwomba radhi. Alitusikiliza kimya, akatupa chai, akasema mtoto wake ataendelea iwapo filamu itaanza na yeye akitaja kwamba anaigiza. Ndivyo inavyoanza sasa, na kusema kweli ni mwanzo mzuri kuliko ule wa kwetu.

Tangu siku hiyo picha zote zinahamishiwa kompyuta moja yenye nywila na kufutwa kwenye simu jioni ileile. Mzazi anatia sahihi baada ya kusomewa hadithi yote, si ukurasa wa kwanza tu. Mkumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu hata majibu ya watazamaji mnayoyakusanya. Na mkitaka kuitoa filamu nje ya shule, mwoneni kwanza afisa utamaduni wa wilaya, kwani kuna sheria ya filamu tangu 1976 na Bodi ya Filamu ndiyo inayotoa vibali.

TULIVYOMALIZIA

Maandishi ya WIKI MOJA BAADAYE tuliyatoa. Badala yake msichana anamwambia shangazi yake usiku uleule, na wanapanda bodaboda kabla hakujapambazuka. Kwenye kona ya picha saa inaonekana ikihesabu. Nesi anasema wazi "saa sabini na mbili", mara mbili, mara ya pili polepole. Mhariri alilalamika kwamba hadithi imekosa mvuto. Tulipoionyesha kwa kidato cha pili cha shule nyingine, karatasi za baada zilikuwa na "saa 72" na "siku tatu" karibu zote, naye akaacha kulalamika.

Mwishoni inatokea namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure. Na matroni hukaa mlangoni kila tunapoionyesha, taa zikiwashwa haondoki haraka. Tuliamua hivyo baada ya onyesho lile la pili, ambapo msichana mmoja alibaki nyuma akijifanya anakusanya viti. Aliniamkia, kisha akauliza, "Dada, hizo saa sabini na mbili zinaanza kuhesabiwa lini?"

Zinaanza pale pale tukio linapotokea. Nilimjibu hivyo, tukamwita matroni, na viti vilivyobaki wakakusanya wavulana.