Fahamu: Mwanamke katika gemu za njozi

Ni gemu gani?
Ni zile ambazo ndani yake unavaa uhusika: unachagua umbo na silaha, kisha unapanda ngazi polepole. Kwenye mabanda ya gemu Kariakoo, Dar es Salaam, huzioni sana. Pale gemu za mpira ndizo mfalme. Unalipia muda, na gemu ya njozi hula wiki nzima.

Utata uko wapi?
Kwenye mwili, hasa. Dragon's Crown (2013) ilimchora mchawi wa kike kifua kikizidi kichwa, mjadala ukawaka. Skyrim (2011), kinyume chake, inakuachia uchague jinsia, na nguvu za kuanzia hazibadiliki.

Na Afrika?
Aurion (2016), ya Kiro'o Games ya Kameruni, inampeleka Erine vitani na mumewe Enzo. Ila unayemwongoza ni Enzo. Erine anasaidia tu. Malkia, lakini wa pembeni.