Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Siku Zake: Wauguzi Wapimwe kwa Nini?

Mtu aendaye hospitali ya Kitale au ya Bungoma kumtazama mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, mara nyingi huuliza kwanza kama mashine ziko. Swali hilo si baya, walakini kazi ya wauguzi yapimwa kwa mambo manne, ambayo hata asiyesomea uganga aweza kuyaona kwa macho yake.

Kwanza ni joto. Mtoto asiyetimiza majuma 37 tumboni hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na usiku wa Kitale ni baridi. Joto la mwili wake lapasa kuwa kati ya digrii 36.5 na 37.5. Muuguzi mwema hulipima, huliandika, kisha hurudi kulipima tena. Pia humwonyesha mama namna ya kumfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hii ilianzishwa na waganga wa Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, kwa kuwa masanduku ya joto hayakutosha. Uchunguzi wa nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, ulitangazwa mwaka 2021. Ulionyesha ya kuwa watoto wadogo waliobebwa hivyo mara baada ya kuzaliwa walikufa wachache, kwa kadiri ya robo, kuliko waliongojea kwanza wapate nguvu.

Pili ni maziwa. Kabla ya majuma 34 hivi, mtoto hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa taratibu. Hupewa maziwa ya mama yake yaliyokamuliwa, kwa mpira mwembamba, na baadaye kwa kikombe.

Tatu ni pumzi. Mtoto huyu huweza kuacha kuvuta pumzi kwa ghafula, basi asiachwe bila mtu wa kumwangalia.

Nne ni mikono. Kila amshikaye na anawe kwanza, awe muuguzi, mama au nyanya.

Lakini tupime kwa haki. Muuguzi mmoja akiachiwa watoto wengi usiku kucha, moyo mwema peke yake hautoshi. Mwezi wa Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa fidia ya shilingi 2,500,000 mama aliyejifungulia sakafuni hospitalini mwaka 2013, akapigwa na wauguzi. Hukumu hiyo haikuwalaumu wauguzi tu. Iliilaumu pia Serikali ya nchi na ya kaunti kwa kutotimiza wajibu wao.

Sisi akina baba nasi tuna sehemu yetu. Mama asiharakishwe kurudi shambani kupalilia mahindi huku mtoto angali dhaifu. Baba naye aweza kumbeba mtoto kifuani mama apumzikapo. Na tangu mwaka 2013 afya imo mikononi mwa kaunti. Basi diwani ajapo kuomba kura, aulizwe: usiku huu, katika wodi ya watoto hawa, wauguzi ni wangapi?