Sindano, Damu na Adabu: Kumchagua Mchora Tatuu Mengo

Uamuzi wa kuchorwa tatuu, yaani mchoro wa kudumu unaotiwa mwilini kwa kuingiza wino ndani ya ngozi kwa sindano, huchukuliwa na wengi kuwa uamuzi wa picha: ni picha gani, iwekwe wapi na iwe kubwa kiasi gani. Katika jiji la Kampala, ambako kazi hiyo hufanywa katika studio maalumu, lakini pia katika vyumba vidogo vya majengo ya maduka na nyuma ya saluni za nywele, kuna uamuzi mzito zaidi unaopaswa kuitangulia picha, nao ni wa kumchagua mtu atakayeishika sindano. Kwa mkazi wa Mengo uamuzi huo una ugumu wake wa pekee, na ugumu huo una asili katika historia ya kilima hicho.

Mengo ndiyo makao ya ufalme wa Buganda, penye Lubiri, ambayo ni kasri la Kabaka, yaani mfalme, na Bulange, jengo la bunge na serikali yake, na Waganda ni miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki ambao hawakuwa na desturi ya kuutia mwili alama za kudumu. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake kuhusu Waganda kilichochapishwa mwaka 1911, aliwaeleza kuwa watu wasioukata wala kuuharibu mwili. Kwa Kabaka mwenyewe katazo lilikuwa zito zaidi, kiasi kwamba Muteesa wa Kwanza, ingawa aliufuata Uislamu kwa miaka kadhaa, alikataa kutahiriwa kwa sababu mila haikuruhusu mwili wa mfalme ukatwe. Hali ilikuwa tofauti kwa Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, ambao nembo zao za usoni zilichanjwa na fundi aliyejulikana kijijini, na yeyote aliyetaka kuupima ustadi wake aliweza kuziangalia nyuso za majirani. Kijana wa Mengo anayetaka tatuu leo hana mzee wa kumuuliza wala nyuso za kuangalia, na ndiyo maana hulazimika kujifunza vigezo ambavyo mahali pengine vilirithiwa.

Hata hivyo, Buganda haikukosa kabisa mafunzo kuhusu damu ya mtu na mwenzake. Katika omukago, udugu wa kuchanjiana, watu wawili walikula buni za kahawa zilizopakwa damu, kila mmoja ya mwenzake, na tangu hapo walifungwa na wajibu wa kulindana. Tatuu si udugu wa namna hiyo, lakini nayo huwaweka watu wawili karibu na damu kwa saa kadhaa, na hatari iliyopo humkabili mchoraji kama inavyomkabili mteja.

Mashine ya umeme ya kuchorea tatuu ilipewa hataza jijini New York mwaka 1891 kwa jina la Samuel O'Reilly, aliyejengea juu ya kalamu ya umeme ya Thomas Edison, na kanuni yake haijabadilika sana: sindano hupanda na kushuka kwa kasi kubwa, ikilitoboa tabaka la juu la ngozi na kuuacha wino katika tabaka la pili, kina cha takriban milimita 1 hadi 2. Wino ukiachwa juu mno, mchoro hufifia upesi kwa sababu tabaka la juu hujibadilisha daima. Ukisukumwa chini mno, husambaa kama doa na ngozi huweza kupata kovu. Ndani ya tabaka hilo la pili chembe za rangi humezwa na seli za kinga ziitwazo makrofaji, na utafiti uliofanywa Ufaransa kwa kutumia panya na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba seli hizo zinapokufa, seli mpya huimeza rangi ileile. Kudumu kwa tatuu, kwa hiyo, ni kazi ya mwili unaojikinga bila kukoma dhidi ya kitu kigeni, na mchoraji asiyelijua hilo bado hajaifahamu kazi yake.

Kutobolewa mara maelfu ni kufunguliwa milango maelfu. Virusi vya homa ya ini aina ya B, vinavyoenezwa kwa damu, huweza kubaki hai juu ya meza, kishikio cha mashine au chupa ya wino kwa siku 7 au zaidi hata kama damu yenyewe imekauka na haionekani. Chanjo dhidi ya ugonjwa huo iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga nchini Uganda mwaka 2002, na hivyo mtu aliyezaliwa kabla ya hapo anaweza kuwa hakuipata kamwe, isipokuwa alipimwa na kuchanjwa ukubwani. Chanjo hiyo huchomwa kwa dozi tatu, na kwa kawaida huchukua miezi sita kukamilika. Mteja mwenye busara huuanzia mpango wake hapo, mapema kabla ya siku ya kuchorwa, na mchoraji makini naye huwa amekwisha kuchanjwa, kwa maana yeye huigusa damu ya watu wengi.

Katika studio yenyewe, kitu cha kwanza kuangaliwa ni sindano. Sindano ya tatuu hutumika kwa mtu mmoja, mara moja tu, na pakiti yake, yenye tarehe ya mwisho wa matumizi, hufunguliwa mbele ya mteja, kisha baada ya kazi sindano hutupwa katika kasha gumu la taka zenye ncha kali kama lile la zahanati. Vifaa vinavyotumika tena hutakaswa katika otoklevu, chombo kinachotumia mvuke wenye mgandamizo katika joto la nyuzi 121 za Selsiasi kwa muda usiopungua dakika 15. Visanduku vyenye mwanga wa buluu vinavyoonekana katika saluni nyingi havifanyi kazi hiyo, hata kama vimeandikwa kwamba vinatakasa, na vifaa vilivyochemshwa sufuriani au kupanguswa kwa spiriti haviwezi kuhesabiwa kuwa salama. Wino humiminwa kutoka chupa kubwa hadi kikombe kidogo cha mteja mmoja, na kinachobaki humwagwa. Mchoraji anayekirudisha chupani amewachanganya wateja wake wote.

Maji ni jambo linalosahaulika zaidi. Mwaka 2011, huko Rochester katika jimbo la New York, watu 19 walipatwa na uambukizo wa ngozi wa bakteria jamii ya ile ya kifua kikuu kutokana na wino wa kijivu, yaani mweusi uliozimuliwa kwa maji, uliokwisha kuchafuliwa kabla haujaifikia studio, na mchoraji wao alikuwa ameufuata usafi wa kawaida. Kisa hicho kinafundisha kwamba wino hauzimuliwi kwa maji ya bomba, sembuse ya mtungi, na kwamba asili ya wino ni swali halali. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni zilizoanza kutumika Januari 2022, uliziwekea mipaka kemikali zaidi ya 4,000 katika wino wa tatuu, na chupa isiyo na jina la mtengenezaji wala namba ya toleo haina njia ya kueleza iwapo inazo au hainazo.

Hapa ndipo malezi ya Mengo yanapokutana na usalama. Mtu aliyelelewa katika adabu ya Kiganda, ambamo salamu huwa ndefu na mwenyeji huheshimiwa nyumbani kwake, huona vigumu kumwambia fundi, mbele ya wateja wengine, kwamba anataka kuiona pakiti ya sindano. Huhofia kuonekana anamshuku. Lakini swali hilo, likiulizwa kwa sauti ya kawaida baada ya salamu, ni heshima kwa kazi, kwa sababu linachukulia kwamba fundi ana jibu, na fundi aliyetumia fedha zake kununua otoklevu hufurahi anapoulizwa. Anayekasirika amejieleza, na mteja anaweza kushukuru na kuondoka bila ugomvi.

Ustadi wa mkono huchunguzwa kwa picha za kazi zilizokwisha kupona, kwa kuwa picha ya tatuu mbichi, iliyopigwa dakika chache baada ya kazi, huufanya kila mstari uonekane mkali na kila rangi ing'ae. Mteja wa Mengo anapaswa pia kutafuta picha za ngozi inayofanana na yake. Rangi huonekana kupitia ngozi iliyo juu yake, na kwa hiyo njano, nyeupe na rangi nyingine hafifu hupotea zaidi kwenye ngozi nyeusi, ilhali wino mweusi, mistari ya unene wa kutosha na nafasi zilizoachwa wazi kwa makusudi hutoa mchoro unaosomeka kwa miaka mingi. Mchoraji aliyejifunza kutokana na picha za ngozi nyeupe pekee huweza kusukuma sindano kwa nguvu zaidi akitafuta rangi asiyoiona, na matokeo yake ni kovu. Pamoja na hayo, watu wenye asili ya Kiafrika hupata keloidi, yaani makovu yanayovimba na kuvuka mipaka ya jeraha, mara nyingi zaidi kuliko watu wa asili nyingine. Aliyewahi kuota kovu la namna hiyo, au ambaye ndugu zake wa damu wanayo, hana budi kulisema, na mchoraji mwaminifu anaweza kumshauri aache kabisa.

Yapo mambo ambayo ni wajibu wa mteja peke yake. Anayetaka muziro, yaani alama ya ukoo wake, tuseme mmamba, yule samaki wa kinamasi apumuaye hewa, aje na picha sahihi ya samaki huyo, kwa sababu mchoraji huenda si Mganda na hapaswi kubahatisha. Anayetaka maneno ya Kiganda ayaandike mwenyewe na kuyasoma tena herufi kwa herufi pale yanapokuwa yamenakiliwa kwenye ngozi kabla ya sindano kuanza: *okuta* ni kuachilia, na *okutta* ni kuua. Anayeleta picha ya tatuu ya mtu mwingine aitumie kama mfano wa mtindo tu, na amwachie mchoraji abuni mchoro mpya, kwa kuwa ubunifu wa mwenzake ni mali ya jasho, na Uganda inayo sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 inayolinda kazi za sanaa.

Kupatana bei ni desturi njema katika soko la Owino, lakini mchoraji anayesukumwa ashushe bei hana mahali pa kupunguza isipokuwa katika muda, wino au sindano, na vyote vitatu vimo ndani ya ngozi ya mteja. Aliyepungukiwa na fedha afadhali achague mchoro mdogo au asubiri. Arubuni, yaani fedha ya kushikilia nafasi, hulipwa kwa sababu mchoraji huanza kuchora karatasini siku kadhaa kabla, na asiyetokea bila taarifa amemnyima kazi mbili, ile aliyoichora na ile aliyoikataa. Siku yenyewe mteja hufika akiwa ameoga, amekula na hajanywa pombe, kwani pombe huongeza kutokwa na damu na humfanya mtu akubali asiyoyataka. Hueleza kama ana kisukari, ana ujauzito, hutumia dawa za kuzuia damu kuganda au ana mzio. Hali yake ya VVU si lazima aitangaze, kwa kuwa mchoraji aliyefundishwa vyema huichukulia damu ya kila mtu kwa tahadhari ileile. Lililo lazima ni kutulia. Anayeshtuka ghafla au kuinua mkono ili apokee simu huweza kuifanya sindano yenye damu yake imchome mchoraji, na kusema mapema kwamba maumivu yamezidi, ili kazi isimamishwe kidogo, ni wema kwa wote wawili.

Mchoraji naye ana haki ya kukataa: kumkataa mlevi, kulikataa jina la mchumba wa wiki mbili, na zaidi ya yote kumkataa aliye chini ya miaka 18, ambaye katiba ya Uganda humhesabu kuwa mtoto. Kwa asiye na hakika, hina ya asili hufifia baada ya wiki moja hadi tatu na hutoa nafasi ya kufikiri, ingawa piko nyeusi, ambayo mara nyingi huwa na kemikali ya rangi za nywele, huweza kuibabua ngozi vibaya.

Baada ya kazi, mteja anayerudi nyumbani kwa bodaboda huifunika tatuu dhidi ya vumbi, huiosha kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, haikwaruzi, na haiingizi ziwani wala bwawani kwa wiki mbili hadi nne. Ikiwa mstari umeachwa mwembamba mahali, huwasiliana na mchoraji kwa faragha na kumpa nafasi ya kuurekebisha kabla ya kulalamika mitandaoni. Uambukizo haungojewi namna hiyo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaotajwa vitabuni huweza kuonekana kama weusi wa zambarau au usionekane kabisa, na kwa sababu hiyo dalili za kutegemewa ni joto, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, usaha, na homa. Mwenye dalili hizo huenda hospitali, na kwa mkazi wa kilima hiki iliyo karibu ni Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa mwaka 1897 na daktari mmisionari Albert Cook, akiwa na jina la wino uliotumika na namba ya toleo lake, aliyoipiga picha kwa simu yake siku ile chupa ilipofunguliwa, kisha humjulisha mchoraji ili awatahadharishe wateja wengine waliochorwa kwa chupa hiyo.