Msomi wa uzamili naye ahitaji mwalimu

Neno tuisheni lina sifa mbaya humu nchini. Likitajwa tu, mawazo huwakimbilia watoto wa shule wanaonyimwa likizo zao, na ndiyo sababu Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliyapiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Sina ugomvi na sheria hiyo. Ninayetaka kumzungumzia leo ni mwanafunzi ambaye hakuna sheria inayomkumbuka wala mzazi anayemlipia karo: mtu mzima, aghalabu mwalimu mwenzetu, aliyejiandikisha kusomea shahada ya uzamili katika uchumi, na ambaye kufikia wiki ya nne ya muhula amekwama.

Mimi hufundisha hisabati katika shule ya upili, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiketi na wasomi wa aina hiyo Jumamosi alasiri, wengine wakitoka Kisii na wengine Nyamira. Nimewaona wa kutosha kuweza kusema kwamba wengi wao hawakwamishwi na uchumi. Wanakwamishwa na hisabati. Shahada ya kwanza iliwafunza uchumi wa maneno na michoro: mstari wa mahitaji unateremka, mstari wa ugavi unapanda, na pale inapokutana ndipo penye bei. Wakiingia uzamili, michoro hutoweka. Kitabu cha Mas-Colell, Whinston na Green, kilichotolewa mwaka 1995 na kinachotumiwa ulimwenguni kote, kina kurasa zaidi ya 900 za seti, vekta na thibitisho. Mhadhiri hudhani kwamba kalkulasi inajulikana. Mwanafunzi, kwa upande wake, aliiacha miaka kumi iliyopita, akaenda kufundisha somo la biashara huku akilea watoto na kukama ng'ombe.

Wapo wanaosema mtu wa kiwango hicho ajisomee vitabu, kwani ni msomi. Hoja hii ina kasoro, na kasoro yenyewe imepimwa papa hapa magharibi mwa Kenya. Katika miaka ya 1990, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walizifuatilia shule za msingi za Busia na Teso zilizogawiwa vitabu vya kiada. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba vitabu havikuinua alama za mwanafunzi wa kawaida. Viliwafaa wale waliokuwa mbele tangu awali. Wengine walipewa kitabu wasichoweza kukisoma wakaelewa. (Kremer huyo ndiye aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019.) Sioni kwa nini mambo yawe tofauti kwa mtu mzima aliyefunguliwa ukurasa wa 50 wa Mas-Colell.

Alinijia mwalimu mmoja kutoka Borabu akiwa na daftari lililojaa, na swali moja tu: "Mwalimu, hii lamda imetoka wapi?" Alikuwa ameikariri njia ya Lagrange, yule mwanahisabati wa karne ya 18, na angeweza kuiandika usingizini. Nikamuuliza shamba alilorithi lina ukubwa gani. Akanijibu, nusu ekari. Nikamuuliza tena: ukiongezewa kipande kidogo kando yake, nawe ukakitumia kwa njia iliyo bora kabisa, mapato yako yatapanda kwa kiasi gani? Akafikiri, akasema itategemea kama atapanda majani chai au ndizi. Nikamwambia achague lililo bora zaidi, kisha akadirie. Alipotaja kiasi, nikamweleza kwamba hiyo ndiyo lamda. Kizuizi kikibana, lamda huwa kubwa. Kisipobana hata kidogo, lamda ni sufuri. Katika nchi ya Wagusii, ambako shamba la babu limegawiwa wana, kisha wajukuu, hadi likawa vipande vya kupimwa kwa hatua, hakuna asiyeijua lamda, ila hawajaijua kwa jina la Kigiriki. Somo hilo lilichukua dakika 20. Alikuwa amehangaika nalo muhula mzima.

Takwimu nazo zina miiba yake. Tuseme msomi anakwenda soko la Daraja Mbili mjini Kisii kila wiki, anaandika bei ya mkungu wa ndizi na idadi ya mikungu iliyouzwa, kisha anapitisha mstari katikati ya nukta zake. Amepata nini? Mahitaji au ugavi? Si hiki wala kile. Kila nukta ni mahali ambapo mistari miwili imekutana, na yote miwili husogea kila wiki. Philip Wright alilionyesha suluhisho katika kitabu chake cha mwaka 1928 kuhusu ushuru wa mafuta ya wanyama na mimea: tafuta jambo linalousukuma ugavi peke yake bila kuyagusa mahitaji. Mahitaji yakitulia huku ugavi ukisogezwa, nukta zitauchora mstari wa mahitaji zenyewe. Nilipotoa mfano wa kiangazi kinachopunguza ndizi za Gusii zinazopelekwa Nakuru, msomi mmoja alinikatiza. Kiangazi, alisema, hufika Nakuru pia na kupunguza mapato ya mnunuzi. Afadhali mvua ya mawe, kwa kuwa hiyo huangukia mlima huu ikauacha ule. Nilifurahi kuliko yeye. Mtu aliyetambua hilo hahitaji tena kuambiwa ekonometria ni nini.

Sasa, anayekosa mtu wa kumkatiza hivyo huenda wapi? Huenda kwa muuza tasnifu. Matangazo yake yamebandikwa kwenye nguzo za umeme na huingia katika simu bila kuitwa. Biashara hii imeipa Kenya sifa mbaya hata ng'ambo. Filamu ya mwaka 2024, The Shadow Scholars, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Oxford anawafuatilia vijana wetu wanaowaandikia wanafunzi wa mataifa ya nje, imeyaweka hayo hadharani. Ninamfahamu mwalimu aliyelipa akaandikiwa sura ya tatu na ya nne. Watahini walipomuuliza kwa nini aliamua kutumia mbinu ile badala ya nyingine, alinyamaza. Hakupata shahada, na mkopo aliouchukua katika chama cha akiba na mikopo ungali unakatwa katika mshahara wake kila mwezi. Wanaomwita mvivu hawamjui. Alikuwa akiamka saa kumi usiku kusoma. Alichokosa ni saa mbili kwa wiki za mtu wa kumwelewesha, na saa hizo zingemgharimu sehemu ndogo tu ya alichomlipa muuzaji.

Kuhitaji msaada katika uchumi wa ngazi hii si aibu. Muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika, ujulikanao kwa herufi AERC, ulioanzishwa mwaka 1988 na wenye makao yake Nairobi, ulizindua mwaka 1993 mpango wa pamoja wa uzamili kwa kuwa vyuo vingi havikuwa na wahadhiri wa kutosha katika matawi ya juu ya somo hili. Wanafunzi wa nchi mbalimbali walikusanywa Nairobi kwa masomo ya kuchagua. Ikiwa vyuo vikuu vyenyewe vilikiri kwamba haviwezi pekee, mwalimu wa Rigoma ataona haya ya nini?

Mimi nina masharti mawili kwa anayekuja kwangu. Swali litakalosahihishwa kwa alama siligusi kabla halijawasilishwa chuoni, na kalamu hushikwa na mwanafunzi, si mimi. Huanza na kitabu cha Alpha Chiang cha hisabati kwa wachumi, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1967, na hawaruhusiwi kuruka sura ya matriksi hata wakilia. Gujarati hufuata baadaye. Malipo ni kwa saa, kama ya fundi yeyote.

Lakini mtu mmoja hatoshi. Kisii ilipata chuo kikuu chake kamili mwaka 2013, nazo shule zetu zina walimu wa hisabati wasioogopa kalkulasi. Wapo pia watahiniwa wa uzamifu walioivuka njia hii juzi tu na ambao wangependa kupata chochote cha nauli. Makundi haya mawili hayajuani. Mji wa Keroka, uliokalia mpaka wa kaunti hizi mbili, ungefaa kuyakutanisha: darasa moja la shule ya upili, ubao na chaki, Jumamosi kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Niko tayari kuja Jumamosi mbili kwa mwezi. Je, ni mwalimu mkuu gani wa huko atakayetuachia ufunguo?