Stima ya moyo: Madaktari sasa wanarudi barabara kuu

KUPANDA ngazi hadi orofa ya nne ukahema ni kawaida, hasa siku ambayo lifti imelala. Lakini kuna mtu anayehema akiinama tu kufunga kamba za viatu, na usiku analalia mito mitatu ndio apate pumzi. Moyo wake haujasimama. Unapiga, ila hausukumi damu ya kutosha.

Kwa baadhi ya wagonjwa hawa, shida ni stima. Ndiyo, moyo una stima yake. Huanzia juu upande wa kulia, ikashuka katikati na kupita kwenye kifungu cha nyuzi ambacho daktari Mswisi, Wilhelm His, alikieleza mwaka wa 1893. Hapo inagawanyika njia mbili, kulia na kushoto. Njia ya kushoto ikikatika, chumba kinachosukuma damu mwilini hupata stima kwa kuchelewa, kupitia nyama ya moyo. Ni kama matatu iliyofungiwa Thika Road ikaanza kupenya mitaani: itafika, lakini wewe ushachelewa kazini. Ukuta mmoja unasukuma, mwingine bado unangoja.

Pesimeka, kile kifaa kidogo kinachopachikwa chini ya ngozi, si kitu kipya. Wa kwanza kuwekewa alikuwa Arne Larsson, jijini Stockholm, 1958. Kifaa chenyewe kilizima baada ya saa chache! Alibadilishiwa mara nyingi, akaishi hadi 2001.

Lakini kwa kawaida waya wa pesimeka huchomekwa kwenye nyama ya chumba cha chini cha kulia, nje ya barabara kuu. Mwaka wa 2002, utafiti wa DAVID ulishtua wengi: wenye moyo dhaifu ambao mashine ilikuwa ikiwapigia mapigo mara kwa mara walikufa au kulazwa zaidi ya wale ambao mashine yao ilikaa tu ikingoja. Kuongeza waya wa pili upande wa kushoto kumesaidia wengi, ingawa si wote.

Ndipo likaja wazo ambalo, ukilifikiria, ni rahisi ajabu: mbona tusitumie nyaya za moyo wenyewe? Mwaka wa 2000 madaktari Marekani walieleza jinsi walivyochomeka waya kwenye kifungu cha His. Shida, shabaha ni ndogo mno. Mwaka wa 2017 Weijian Huang na wenzake wa Wenzhou, China, wakaeleza njia nyingine: kuuzungusha waya kama skrubu ndani ya ukuta unaotenganisha vyumba, hadi ufikie njia ya kushoto, mbele ya pale ilipokatika.

Mwaka wa 2022, wagonjwa 40 nchini China waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi sita, kiwango cha damu kinachosukumwa kwa kila pigo kilipanda kwa pointi 21 kwa waliopata njia mpya, na takriban 16 kwa wenye nyaya mbili.

Wagonjwa 40 ni wachache, tusidanganyane. Ndiyo maana Marekani na Canada kuna jaribio la wagonjwa zaidi ya 2,000, linaloangalia nani ataishi na nani atarudi wodini.

Kwa hivyo kama guka au shosho ameambiwa anahitaji pesimeka, andamana naye kliniki umuulize daktari: waya utachomekwa wapi, na kwa nini hapo?