Ibn Sina Mikokoni, Ibn Rushd Jikoni

Mama atiapo birimbi katika mchuzi wa samaki, au azianikapo kwa ajili ya achari, ni nadra kukumbuka kuwa mkononi mwake mna jina la kadhi wa Cordoba. Wataalamu wa mimea huuita mbirimbi Averrhoa bilimbi. Neno hilo la kwanza latokana na Averroes, matamshi ya Kilatini ya Ibn Rushd, faqihi, tabibu na mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 1126 na kufariki Marrakesh mwaka 1198, rahimahullah.

Na mchu, mti wa mikokoni tuujuao sote, ni Avicennia marina. Avicenna ndiye Ibn Sina, mzaliwa wa karibu na Bukhara mwaka 980. Kitabu chake al-Qanun kilisomeshwa kwa karne nyingi katika vyuo vya utabibu vya Ulaya, na juzuu yake ya pili yaeleza dawa moja moja, nyingi zikiwa za mimea.

Majina haya ya kwanza mawili yaliwekwa na Carl Linnaeus wa Uswidi katika kitabu chake cha mwaka 1753. Yeye alishikilia kwamba heshima ya jina la jenasi wapewe walioihudumia elimu ya mimea, na hakuwasahau matabibu wa Kiislamu. Neno marina, yaani wa baharini, latoka kwa mwanafunzi wake, Peter Forsskål, aliyefia Yemen mwaka 1763. Huyo aliuita mti wenyewe Sceura, kwa kufuata Waarabu aliowakuta. Wataalamu wa baadaye ndio waliouhamishia katika jenasi ya Ibn Sina.

Linalotuuma ni kwamba heshima ilitolewa, lakini mwenyewe alivishwa vazi ambalo jamaa zake hawamtambui. Mtoto wetu husoma Avicennia shuleni akadhani ni Mzungu. Kanuni za majina haziruhusu lirekebishwe likawa Ibnsina, kwani jina lililotangulia kuchapishwa hubaki lilivyo. Wala hatudai libadilishwe. Twataka mzazi alitaje pamoja na maana yake.

Maji yakipwa, mchu hautafutwi sana: mizizi yake husimama topeni wima kama kalamu, na jani lake, mtoto akililamba, lina chumvi.